Umaskini wa nani? Mwongozo wa kusoma na kupima viwango vya umaskini katika wilaya za Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa diwani, afisa maendeleo ya jamii, mtangazaji wa redio ya wilayani, mwanafunzi aliyerudi Masasi kufanya utafiti wake wa chuo, au mwanakikundi yeyote anayetaka kusema "umaskini kwetu ni asilimia kadhaa" bila kuumbuka mtu akimwuliza amejuaje. Hesabu zake ni za kikokotoo cha simu. Kinachotaka muda ni kukaa na watu.

Natanguliza jambo moja kwa sababu ndilo linalokosewa sana. Kiwango cha umaskini cha mkoa hakikwambii hali ya Newala wala Liwale, na cha Newala hakikwambii hali ya wajane wa Newala. Sisi wa kusini tumezoea kusemwa kwa jumla: leo ni mikoa iliyosahaulika, kesho ni kichekesho cha mkulima wa korosho anayemnywesha mbuzi wake bia kwa wingi wa hela. Mwenye njaa na mwenye hela za kuchezea huwa wanaishi kitongoji kimoja, na wastani huwameza wote wawili.

Hatua ya 1: Jua ni umaskini upi unaozungumziwa

Takwimu rasmi za Tanzania Bara zinatoka kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ule wa 2017/18 ulitoa namba mbili ambazo watu huzichanganya. Asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8.0 walikuwa chini ya mstari wa chakula. Mstari wa kwanza ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima au kiasi kinacholingana naye (Hatua ya 5 inaonyesha hesabu yake), na wa pili shilingi 33,748. Aliye chini ya mstari wa chakula, hata matumizi yake yote yakigeuzwa kuwa chakula, bado hashibi. Aliye kati ya mistari miwili anaweza kushiba, lakini kwa kuacha sare, dawa au sabuni.

Kuna na mstari wa kimataifa. Kwa ule wa dola 1.90 kwa siku uliokuwa ukitumika wakati huo, Tanzania ya mwaka 2018 ilikuwa na maskini karibu nusu ya watu wake. Kwa hiyo ukimsikia mmoja anasema robo na mwingine anasema nusu, huenda wote wako sahihi na kila mmoja ana kipimo chake. Usiweke namba hizo mbili katika sentensi moja kana kwamba hali imebadilika.

Kipimo cha tatu hakiangalii hela. Kinauliza kama kuna mtoto asiyesoma, kama maji yako mbali, sakafu ni ya udongo, wanapikia kuni, hakuna umeme. Kwa uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, hiki nakipenda, kwa sababu kule kaya inaweza kuuza magunia ya korosho na bado ikanunua maji kwa ndoo.

Hatua ya 2: Tazama sampuli kabla ya kushangilia au kulia

Utafiti wa 2017/18 ulipanga kufikia kaya 9,552 katika maeneo 796 ya kuhesabia watu. Ukigawa kwa mikoa 26 ya Bara, unapata wastani wa kaya kama 367 kwa mkoa. Zinatosha kusemea mkoa kwa tahadhari, lakini hazitoshi kusemea wilaya.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Tuseme mkoa umepata asilimia 30 kutoka kaya 360. Zidisha 0.30 kwa 0.70, gawa kwa 360, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2. Utapata kama 0.048, yaani kiwango cha kweli kinaweza kuwa karibu pointi 5 za asilimia juu au chini ya hiyo 30. Kwa vile kaya huchaguliwa kwa mafungu ya majirani, na majirani hufanana hali, pengo halisi ni kubwa zaidi. Ukilihesabu kuwa pointi 7 hutakuwa umezidisha. Kwa hiyo Lindi ikipata 33 na Mtwara 28, usiandike kwamba Lindi ni maskini kuliko Mtwara. Andika kwamba sampuli haitoshi kuzitofautisha. Najua kichwa cha habari namna hiyo hakiuzi.

Sasa katika kaya hizo 360 toa zinazoongozwa na wanawake pekee. Tuseme ni 90. Kwa hesabu ileile unabaki na pointi karibu 10 kila upande, hata kabla ya kuhesabu ule ufanano wa majirani. Kadiri kundi linavyozidi kuwa dogo ndivyo namba inavyozidi kuyumba. Ndiyo maana takwimu za kitaifa haziwezi kukupa kiwango cha umaskini cha wajane wa Tandahimba, hata ukiziomba kwa barua yenye muhuri.

Hatua ya 3: Tumia sensa kushuka hadi wilayani

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,634,947 Mtwara na 1,194,028 Lindi. Sensa haiulizi matumizi ya fedha, kwa hiyo haina kiwango cha umaskini. Ina vitu vinavyoandamana nao: aina ya paa na sakafu, chanzo cha maji, umeme, choo, kujua kusoma, ulemavu, jinsi na umri wa mkuu wa kaya. Na kwa kuwa inamhesabu kila mtu, haina tatizo la sampuli ndogo.

Wataalamu huoanisha viwili hivi. Kwenye utafiti wa kaya wanajifunza ni sifa zipi za nyumba na watu zinaandamana na matumizi madogo, kisha wanazitafuta sifa hizo katika sensa na kukadiria umaskini wa wilaya. Tanzania ilichora ramani ya namna hiyo kwa utafiti wa 2000/01 na sensa ya 2002. Ukiona popote kiwango cha umaskini cha wilaya, uliza kama ni makadirio ya aina hiyo. Mara nyingi ndiyo.

Angalia mipaka pia. Nanyamba ilikatwa kutoka Mtwara Vijijini, Newala na Masasi kila moja ina halmashauri ya mji na ya vijijini, na iliyokuwa Lindi Vijijini leo ni Mtama. Mtu akilinganisha 2012 na 2022 bila kuangalia hilo, anaweza kusema umaskini umepungua kumbe kilichopungua ni vijiji.

Hatua ya 4: Chagua makundi yanayoleta maana hapa

Fomu nyingi hugawa watu kwa jinsi ya mkuu wa kaya na mjini au vijijini, basi. Mjini na vijijini ni mgawanyo wa kweli. Kitaifa mwaka 2017/18 ilikuwa asilimia 15.8 mjini na 31.3 vijijini. Ila ukiingia ndani ya wilaya ya Mtwara au Lindi, mistari inayowagawa watu inapita kwingine.

Anza na mikorosho. Usiulize tu "mna shamba?". Uliza kama wana mikorosho inayozaa, kama wameiweka rehani au kuikodisha kwa mtu mwingine msimu huu, na kama waliuza kangomba. Anayeuza kangomba anachukua hela au unga miezi ya shida, anamlipa mnunuzi korosho kwa kipimo cha magendo msimu ukifika. Ni kinyume cha sheria, na mdadisi akiuliza kavukavu atajibiwa "hapana" na kila mtu. Uliza kwa kuzunguka: mlipohitaji hela kabla ya msimu mlipata wapi? Kaya yenye mikorosho iliyouzwa kangomba inaweza kuwa na hali mbaya kuliko kibarua asiye na mti hata mmoja, na kwenye karatasi inaonekana ina mali.

Wanaoongozwa na wanawake usiwaweke kapu moja. Kuna mjane mwenye ardhi ya ukoo wake, kuna mtalaka aliyerudi kwao na watoto, kuna mke ambaye mume yuko Dar es Salaam anatuma hela kwa simu. Ukiwachanganya, wa tatu atawainua wale wawili, na ripoti itasema wanawake hawana tofauti na wanaume. Halafu kuna ambao hawahesabiwi kabisa kama kundi: wake walio ndani ya kaya ya mwanamume. Korosho zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani (mnada wa mazao yaliyowekwa ghalani) kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, malipo yanaingia kwenye akaunti, na akaunti mara nyingi ina jina la baba. Vipimo vyetu hudhani kinachoingia nyumbani kinagawanywa sawa. Utauliza mwenyewe kama ni kweli.

Wazee wanaolea wajukuu ni kundi la peke yake. Ukanda wa pwani, Kilwa hadi Msimbati, una wavuvi ambao kipato chao hupanda na kushuka kwa bamvua na upepo, na wanawake wanaolima mwani. Liwale na Kilwa wapo wafugaji waliohamia miaka ya karibuni, wengine baada ya kuondolewa bonde la Ihefu mkoani Mbeya mwaka 2006. Ukihesabu mifugo ni matajiri, ukihesabu shule na maji ni mafukara, na kwenye rejesta ya kijiji wengi hawamo. Watu wenye ulemavu lazima uwaulize kwa jina la kazi wasiyoweza kufanya, kama kutembea au kuona. Ukiuliza "kuna mlemavu humu?" utaambiwa hayupo.

Hatua ya 5: Pima matumizi, usipime mapato

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mkulima hana mshahara wa kukutajia. Atakutajia malipo ya mnada wa kwanza, atasahau ufuta na mbaazi, na akidhani umetoka TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini) atapunguza, akidhani umetoka benki ataongeza. Kwa hiyo tunapima kilichotumika, na kilichotumika ni pamoja na kisichonunuliwa.

Fikiria nyumba moja huko Tandahimba. Mkuu wa kaya ni bibi wa miaka 65.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu, karibu jamvini."
"Bibi, wiki hii iliyopita mmekula nini?"
"Tule nini mwanangu, ming'oko tu na ugali wa muhogo."
"Ming'oko mmenunua?"
"Nani anunue ming'oko? Vijana wameingia porini wamechimba."

Ming'oko ni viazi vya porini, havinunuliwi, kwa hiyo mdadisi mvivu anaandika sifuri. Mdadisi anayejua kazi anauliza fungu la ming'oko sokoni linauzwaje, vijana walileta mafungu mangapi, na muhogo wa shambani ungegharimu kiasi gani, kisha anaandika thamani. Tuseme alivyonunua bibi kwa wiki ni shilingi 24,500, na vya shambani na porini vina thamani ya 10,500. Jumla 35,000 kwa wiki. Zidisha kwa 30, gawa kwa 7, unapata 150,000 kwa mwezi. Sabuni, nauli, daftari, maji na mengineyo tuseme 60,000. Kaya inatumia 210,000 kwa mwezi.

Usigawe kwa idadi ya vichwa. Kipimo rasmi kinampa kila mtu uzito kwa umri na jinsi. Nyumba hii ina bibi (0.72), binti yake wa miaka 35 (0.88), mvulana wa miaka 16 (1.20, maana wa umri huo hula kuliko baba), mtoto wa miaka 9 (0.76), wa miaka 6 (0.56) na wa miaka 2 (0.40). Watu sita, lakini uzito wao ni 4.52. Gawa 210,000 kwa 4.52: 46,460. Kwa mstari wa 49,320 ni kaya maskini, ingawa iko juu ya mstari wa chakula. Kama mdadisi angeacha ming'oko na muhogo, angepata 36,504, na bibi angeonekana anakaribia kufa njaa kumbe hapana.

Mistari ile ni ya bei za 2017/18. Ukipima leo, ipandishe kwanza kwa fahirisi za bei (namba zinazoonyesha bei zimepanda kiasi gani), la sivyo utakuta kijiji kizima kimetajirika kwa sababu tu unga umepanda.

Gharama za mara moja, kama bati, pikipiki au shughuli ya kuwatoa wali wa unyago, ziandike pembeni usizijumlishe na za mwezi. Mwaka wa unyago kaya maskini inaweza kutumia kuliko mwalimu.

Na zingatia mwezi. Utafiti wa taifa huchukua miezi kumi na miwili makusudi. Wewe huna miezi hiyo, kwa hiyo angalau pima mara mbili: wakati hela za korosho zinatembea, Novemba au Desemba, na wakati wa palizi, Februari au Machi, ghala likiwa tupu. Hata hapo usiamini msimu mmoja. Novemba 2018 serikali ilisimamisha wanunuzi na kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Aliyepima wakati malipo yanasubiriwa alikutana na Newala nyingine kabisa.

Hatua ya 6: Kama huna uwezo wa kupima matumizi, wapangie wanakijiji kazi

Dodoso kamili huchukua saa nyingi kwa kaya. Njia nyepesi ni kuwapa watu wanaojuana kadi zenye namba za kaya wazipange mafungu kwa hali ya maisha. Kaa na wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao. Kabla ya kupanga, waulize wao wenyewe vigezo. Hutasikia "dola kwa siku". Utasikia: huyu anaajiri vibarua wa palizi, yule ndiye anayekwenda kulima kwa watu, huyu ana hela ya salfa Juni, yule anaacha mikorosho bila dawa, huyu ana kisima cha kuvunia maji ya mvua, yule ananunua ndoo. Ukilinganisha mafungu ya makundi matatu, tazama zaidi kaya ambazo hawakukubaliana. Mara nyingi wanaume wamemweka juu mtu ambaye wanawake wanajua watoto wake wanalala njaa.

Onyo hapa. Orodha ya walengwa wa mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF usiigeuze kiwango cha umaskini. Orodha ile hupatikana kwa kuchagua maeneo, kisha mkutano wa kijiji, kisha dodoso la kuhakiki, na nafasi zake zina kikomo. Kijiji chenye walengwa wachache si lazima kiwe na nafuu. Na kwa kuwa watu wanaijua, eleza mapema mkutanoni kwamba kadi zako hazimwingizi wala kumtoa mtu.

Barua kwa mtendaji wa kijiji iende kabla yako. Majina ya kaya yabaki kwako.

Hatua ya 7: Hesabu viwango, na utenganishe maswali mawili

Mfano wa kubuni: kijiji kina kaya 400. Wakulima wenye mikorosho ni 300, na 75 kati yao ni maskini, sawa na asilimia 25. Wavuvi ni 60, maskini 21, asilimia 35. Vibarua wasio na mikorosho ni 40, maskini 24, asilimia 60. Kijiji kizima kina kaya maskini 120, asilimia 30.

Nani maskini zaidi? Vibarua. Wengi wa maskini ni akina nani? Wenye mikorosho, 75 kati ya 120, asilimia 62.5. Majibu yote ni ya kweli na yanapeleka hela njia mbili tofauti. Ukiwasaidia vibarua pekee umewafikia walio chini zaidi na umeacha kaya 96 za maskini. Ukigawa salfa kwa wenye mikorosho umegusa wengi, na nyingi ya ruzuku imekwenda kwa kaya 225 zisizo maskini. Diwani anayeambiwa jibu moja tu anaweza kuongozwa kokote mzungumzaji anakotaka.

Kisha badili kaya kuwa watu, maana takwimu ya taifa inahesabu watu. Tuseme kaya zile 120 zina wastani wa watu 6 na zile 280 zina wastani wa 4. Hao ni watu 720 kati ya 1,840, asilimia 39. Asilimia 30 ya kaya, asilimia 39 ya watu, kijiji kilekile. Kaya maskini huwa kubwa, na watoto wamejaa humo.

Usimalizie kwenye jedwali bila kutafuta sababu iliyojificha. Ukikuta wavuvi wana umaskini mkubwa kuliko wakulima, angalia ukubwa wa kaya na elimu ya mkuu wa kaya ndani ya kila kundi. Huenda wavuvi wa sampuli yako ni vijana wenye watoto wadogo, na ukilinganisha vijana kwa vijana pengo linayeyuka.

Hatua ya 8: Andika na uwasomee

Kila namba iandamane na vitu vinne: kipimo, mwezi, idadi ya kaya, na msingi wa asilimia. Mfano: "Machi, kati ya kaya 40 za vibarua, 24 zilikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi." Kwa kundi lenye kaya chini ya 30 acha asilimia, andika hesabu yenyewe, "kaya 7 kati ya 11".

Pato la mkoa kwa kichwa lisiingie kwenye aya hiyo. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, saruji na bandari vinapandisha pato la mkoa, lakini kipimo chako kinahusu kilichofika jungu la bibi, na vitu hivyo viwili havisogei pamoja.

Kisha rudi kijijini uwasomee kabla hujapeleka halmashauri. Soma kwa makundi, bila majina, na uache muda wa ubishi. Akisimama mzee kusema wavuvi umewakuta wakati wa upepo mkali, andika hilo chini ya jedwali, na utakaporudi kupima tena, rudi mwezi uleule.